Nimefuta ile video ya kukata springi, na sitairudisha

Tangu Jumatatu mnaniuliza swali moja tu. "Buda, ile video ya Swift imeenda wapi?" Mwingine anasema nimenunuliwa na wenye maduka ya spea. Mwingine ati serikali imenitisha. Hakuna aliyenitisha, wasee. Nimeifuta mwenyewe kwa kidole changu.

Kwa wale hawakuiona: ni ile ya dakika kumi na moja, nakata springi za gari yangu kwa grainda pale parking ya ploti yetu Kahawa West, nimevaa malapa na miwani ya jua. Koili moja na nusu mbele, koili mbili nyuma. Muziki uko juu, gari inashuka kwa jeki, inalala, nasimama kando yake na kusema, "Elfu mbili tu, na ndai imelala." Hakuna kitu kingine nimewahi kuweka kilichotazamwa kama hicho. Hakuna kingine kilichonilipa kama hicho pia. Nitarudi kwa hiyo pesa, msijali.

Ninachosema leo ni rahisi. Kukata springi nyumbani si kumodi gari. Ni kuharibu kifaa cha pekee kinachofanya magurudumu yako yaguse lami, halafu unapiga picha. Na sisi wenye simu na taa za kurekodi ndio tumewafundisha kwamba gari iliyolala ni gari inayoshika barabara. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mara nyingi ni maadui.

Tuanze na hii kitu tunaita hatchback moto, kwa sababu wengi tunaipenda bila kujua ilitoka wapi. Miaka ya sabini kule Volkswagen, mhandisi mmoja wa majaribio, Alfons Löwenberg, na wenzake wachache walianza kuichezea Golf ya kawaida, gari ya kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Haukuwa mradi rasmi wa kampuni. Walikuja kuionyesha Frankfurt mwaka wa 1975, ikaanza kuuzwa 1976. Lita 1.6, nguvu za farasi 110, uzito wa kilo mia nane na kitu. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 tu, basi. Ile ya kwanza peke yake iliuzwa zaidi ya laki nne.

Sasa angalia walichobadilisha. Injini, ndiyo. Lakini pia springi na shoksi zilizopangwa pamoja, vyuma vya kuzuia gari isilale kwenye kona, matairi mapana zaidi. Na urembo? Mstari mwembamba mwekundu kuzunguka grili. Vitambaa vya miraba kwenye viti. Kichwa cha gia kilichofanana na mpira wa gofu, wazo la mama mmoja mbunifu anaitwa Gunhild Liljequist. Basi. Urembo wote wa gari iliyozaa hii familia yote ungeingia kwenye mfuko mmoja wa duka. Pesa na akili zilienda pale ambapo macho hayafiki.

Sisi tumegeuza. Pesa yote inaenda kwa rimu, bampa na kelele, halafu kule chini kuna bushi zimepasuka na matairi ya kununuliwa yakiwa tayari mazee.

Gari yangu ni Suzuki Swift Sport, ile ya mwili wa ZC31S. Injini ya lita 1.6, farasi 125, kilo elfu moja na kidogo. Swift ya kawaida ina nati nne kwa gurudumu, hii yangu ina tano. Hapo ndipo wengi hujua kama wameuziwa Sport ya kweli au wamebandikiwa nembo. Ni gari ambayo kiwandani tayari iliguswa na watu wanaojua. Suzuki walikuwa wanapeleka Swift kwenye mashindano ya rali ya vijana ya dunia, na mwaka wa 2007 Per-Gunnar Andersson alichukua ubingwa nayo. Watu hao walikaa wakapima hiyo springi. Mimi nikaja na grainda ya kuazima.

Nikwambie gari ilivyokuwa baada ya kukata. Kwenye kamera, tamu. Kwenye barabara, wiki ya kwanza nilidanganyika. Ikawa ngumu, na ugumu unakufanya uhisi kama uko mbio. Kila kashimo unakasikia kwenye meno, ukadhani hiyo ndiyo "handling". Halafu nikaanza kuona vitu. Nikitoka Thika Road pale kwa kona ya kuteremka, mahali gari ina tumakunyanzi twa lami katikati ya kona, mbele ilikuwa inaruka kando. Haitelezi polepole ukaisikia. Inaruka. Kabla sijakata, kona hiyohiyo, mwendo huohuo, matairi hayohayo, ilikuwa inapita tu bila stori.

Kwa nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu sikuwaambia kwenye video. Niliacha uhandisi mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite injinia, lakini hii ni fizikia ya sekondari.

Springi ukiifupisha inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa na koili sita zinazofanya kazi ukatoa moja na nusu, zinabaki nne na nusu, na ugumu unaongezeka kwa theluthi moja. Shoksi yako haijui hayo. Kazi ya shoksi ni kutuliza springi isiendelee kudunda, na ilipimiwa springi ya zamani. Sasa springi ina nguvu kuliko shoksi, kwa hivyo ukipita tuta gari inadunda mara mbili, mara tatu. Kila inapodunda kuna nusu ya sekunde ambayo tairi limeegemea lami kama mtu anayesimama kwa vidole. Hapo usipige breki.

La pili ni nafasi. Kama gurudumu lako lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla ya kugonga mwisho, na umeshusha gari sentimita tano, umebaki na tatu. Matuta ya estate yenu ni ya sentimita tatu? Ukimaliza hizo tatu, shoksi inagonga ile raba ya mwisho, na kuanzia hapo huna springi tena, una mbao. Hiyo ndiyo ilikuwa inanitupa kwenye ile kona. Tairi la nje lilikuwa linabeba gari likiwa limefika mwisho, likikutana na kakunyanzi halina pa kwenda, linaachilia lami.

La tatu ndilo liliniuma, kwa sababu linapinga kila kitu nilichokuwa nikiamini. Tunaambiwa gari ikiwa chini hailali kwenye kona. Si lazima. Chungulia mbele ya gari yako, kuna ule mkono wa chini unaotoka kwenye fremu kwenda kwa gurudumu. Kiwandani mara nyingi huwa umelala sawa au unateremka kidogo kuelekea nje. Ukiishusha gari sana, mkono unapanda kuelekea nje. Sasa, kuna nukta ambayo mwili wa gari hujizungusha kwayo ukiwa kwenye kona, na inategemea huo mkono umeelekea wapi. Kwa shoksi za mbele za aina tulizonazo kwenye Swift, Demio, Vitz na Golf, ukishusha gari nukta hiyo inashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati ya uzito na nukta unakua. Ni kama umemwongezea mtu mti mrefu wa kukusukuma nao. Gari iko chini, lakini uzito una nguvu zaidi ya kuilaza. Ndiyo maana watu wanaojua wakishusha gari ya mashindano hubadilisha pia boli jointi na mikono, ili mkono urudi pale ulipokuwa. Sisi tunashusha, tunaoga gari, tunaenda kupiga picha.

Sijataja matairi kuliwa upande wa ndani, sijataja sivi jointi kufanya kazi zikiwa zimepinda, sijataja taa za mbele kuelekea chini kama unatafuta shilingi uliyoangusha. Tuendelee.

Kitu cha nne ndicho kilinifanya nifute.

Springi ya kiwandani ina urefu wa kutosha kujaa mahali pake hata gurudumu likining'inia hewani. Ukiikata, gurudumu likining'inia springi inabaki na nafasi, inacheza. Kwenye hatchback nyingi ndogo, springi ya nyuma haijafungwa pamoja na shoksi. Imekaa peke yake kati ya ekseli na mwili wa gari, na uzito wa gari ndio unaoishikilia. Ukikata ncha yake ile iliyotengenezwa ikae sawa, umebaki na ncha ya grainda. Uzito ukiondoka kwa sekunde moja, springi inaweza kuondoka pia.

Kuna kijana, simtaji, ana miaka kumi na tisa. Alikuwa ananifuata tangu nikiwa na watu mia nne. Alikata springi za Demio ya mamake Jumamosi moja kama mimi, koili zilezile, hata akapiga picha amesimama kama mimi. Wiki tatu baadaye akiwa anatoka Juja na dada yake jioni, akapita tuta ambalo hakuliona. Nyuma ikaruka, springi ya kushoto ikatoka mahali pake, gari ikatua juu ya tairi. Tairi likapasuka. Waliishia kwenye mtaro. Yeye alitoka na mikwaruzo. Dada yake alivunjika mfupa wa bega, na alikuwa na mtihani wiki iliyofuata.

Aliniandikia. Na hakunilaumu, hiyo ndiyo shida. Aliniandikia kuniuliza, "Bro, nilikata vile ulikata. Nilikosea wapi?"

Nilienda kumwona dada yake. Mama yao alinikaribisha vizuri kabisa, akaniletea chai, akaniuliza kama mimi ndiye rafiki wa kijana wake wa mambo ya magari. Nikasema ndiyo, mama. Sikusema zaidi ya hapo. Nilikunywa ile chai yote.

Sasa ile pesa. Kuanzia siku nilipopata ujumbe wa yule kijana hadi siku nilipofuta video, zilipita wiki nne. Wiki nne nzima nilijua na nikaiacha, kwa sababu ilikuwa bado inaleta watu na ilikuwa bado inalipa. Nilijiambia nitaweka onyo hapo chini. Niliweka, sentensi moja, "fanya kwa hatari yako," kama wale wote. Pesa ya mwezi huo nilinunua matairi mawili mapya ya mbele. Yangu mimi. Ukitaka kujua kwa nini naandika kwa hasira hivi, hasira si yenu.

Najua mtakayosema, kwa sababu nilikuwa nikiyasema.

"Gari ni yangu, pesa ni yangu." Gari ni yako, barabara si yako. Yule dada hakukata kitu chochote. Na siku utakayogonga mtu, kampuni ya bima ikigundua kwamba ulibadilisha springi bila kuwaambia, hapo ndipo utajua gari ilikuwa yako kabisa, wewe peke yako na deni lake.

"Lakini wasee wa Ulaya na Japani wanalaza." Wanalaza, kwa seti zilizotengenezwa ziwe hivyo, springi fupi na shoksi fupi pamoja, na wengi wao lami yao haina matuta ya kuwekwa na kamati ya wakazi usiku. Tafuta mfano wa karibu. Tangu mbio za dunia zirudi Naivasha mwaka wa 2021, Safari Rally imeshindwa na Toyota Yaris kila mwaka hadi 2025. Yaris! Hatchback. Na wakija huku, wahandisi wenye mabilioni na kompyuta hufanya nini na springi? Wanainua gari. Ile Fiesta Rally3 ambayo vijana wetu kina McRae Kimathi na Hamza Anwar wameendesha, iangalie vizuri picha zake za Safari. Kuna mtu anayeweza kuniambia ile haishiki barabara kwa sababu iko juu? Sisi tunaishi kwenye barabara hizohizo na tunafanya kinyume.

"Hizo seti ni za matajiri." Hii ndiyo hoja ya kweli peke yake, na naiheshimu, kwa sababu mimi pia sina hizo pesa. Lakini sikiza. Mtu anayelia hana pesa ya shoksi ananunua rimu za inchi kumi na nane, nzito kama kifuniko cha mtaro, kwa bei ambayo ingemnunulia shoksi nne na chenji. Tatizo letu ni mpangilio kuliko umaskini. Kile kinachoonekana kwenye picha kinakuja kwanza, kile kinachokuokoa kinakuja tukipata.

Mimi nimeanza upya na hii Swift, na mambo mengi nimeyafanya palepale parking ya ploti, bila gereji.

Kwanza kabisa nilirudisha springi za kiwandani. Nilipata seti nzima iliyotolewa kwa Swift iliyogongwa nyuma, nikaiosha, nikaikagua kama ina nyufa. Za nyuma nilibadilisha mwenyewe. Za mbele nilienda kwa fundi, kwa sababu kubana springi ya mbele ili uitoe kwenye shoksi ni kubana bunduki. Ule mtambo wa kubana ukiponyoka, springi inaruka na kichwa chako. Hapo usijifanye.

Na kabla hujaingia chini ya gari yoyote: jeki ni ya kuinua. Si ya kulalia. Ukishainua, weka stendi za chuma. Matofali hupasuka bila kukuambia. Kwenye ile video nilikuwa chini ya gari nikiwa na jeki peke yake na tofali moja, na watu zaidi ya elfu mbili waliandika "respect". Hakuna hata mmoja aliyeandika "toka hapo".

Matairi ndiyo modi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila kitu kingine kwenye gari, farasi zako zote, breki zako zote, usukani wako wote, unapita kwenye vipande vinne vya raba vinavyokaribiana na ukubwa wa kiganja chako. Kando ya tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya ishirini na tatu ya mwaka wa 2019. Yangu ya mbele yalikuwa yamesoma 0914 na bado yalikuwa na meno mazuri kabisa. Meno yalikuwa mazuri kwa sababu raba ilikuwa imekauka kama kwato, haikuwa inaliwa na kitu. Niliyatupa. Nikarudi kwa saizi ya kiwandani, 195/50 kwa rimu ya 16. Siku ya kwanza ya mvua nilitaka kuomba msamaha kwa gari.

Na upepo. Fungua mlango wa dereva, kuna karatasi imebandikwa pale, imekuandikia. Pima asubuhi kabla hujaendesha. Kila mtu anataka koilova na hakuna mtu amepima upepo.

Halafu bushi, hapa ndipo gari zetu nyingi zinafia. Zile raba zinazoshikilia mikono ya chini zina miaka kumi na tano, zimekula mafuta, vumbi na jua. Chukua mtaimbo au hata spana ndefu, washa tochi ya simu, sukuma ule mkono pole pole uone. Kama unacheza au raba imepasuka, basi unapopiga breki gurudumu lako linasogea nyuma na mbele kama linavyotaka, na hakuna alaimenti duniani itakayokaa. Kutoa mkono nyumbani inawezekana, ni nati na subira. Kusukuma bushi mpya ndani unahitaji presi. Beba mkono wako upeleke kwa jua kali wenye presi, ni kazi ya dakika chache. Lakini kuna kitu mafundi wengi hawafanyi, kwa hivyo kishike: bolti za bushi usizikaze mwisho gari ikiwa juu. Zishike tu, shusha gari ikanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, unaifungia raba ikiwa imepinda, na gari ikishuka inabaki imejisonga maisha yake yote. Bushi mpya inapasuka mapema, halafu unasema spea ni feki. Pengine ni feki pia, lakini anza na hapo.

Shoksi, kama zinavuja mafuta, mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani, yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama bado yanaonekana sawa. Mwisho alaimenti. Mwisho, si mwanzo. Ukiifanya kabla ya bushi umelipia karatasi.

Baada ya hayo yote, ukiwa bado unataka gari ishuke, ishushe. Sijakuwa mzee. Tafuta springi zilizotengenezwa fupi, zinazoshusha sentimita mbili au tatu tu, na shoksi nzima za kuzibeba. Sentimita tatu zinatosha kujaza ule uwazi unaokuudhi juu ya tairi. Ekseli ya nyuma unaweza kuiongezea chuma cha kuzuia kulala, na hapo gari ya kuvutwa mbele kama Swift inaanza kugeuka kwa hiari badala ya kwenda moja kwa moja ukiwa umekata usukani. Hiyo ni modi. Utaihisi kwa makalio, na hakuna kamera itakayoiona, ndiyo maana hakuna anayeipigia video.

Urembo? Mimi napenda gari ipendeze, msinigeuze mchungaji. Lakini urembo mzuri wa nyumbani ni wa bei ndogo na mikono. Taa za mbele zikiwa za njano, chukua msasa laini wa maji, 1000 halafu 2000, sugua na maji mengi, ng'arisha, halafu puliza rangi wazi ya kuzuia jua, usipopuliza zitarudi njano haraka. Gari itaonekana changa miaka mitano, na usiku utaona barabara. Rimu za kiwandani zikipakwa rangi vizuri zinashinda feki zote za inchi kumi na nane, na ni nyepesi, gurudumu jepesi linafuata mashimo vizuri zaidi. Bampa iliyokwaruzwa, fila kidogo, msasa, praima, subira. Spoila ya mbao ya kabati sitaijadili. Egzosi ya kufungua saa nane usiku nayo, kwenye ploti yetu kuna nesi analala mchana na mtoto wa miezi mitatu anayelala usiku. Chagua ni nani unamwamsha.

Na kama ni mbio unataka, kuna Kiamburing kule Kiambu, barabara inafungwa, saa inapimwa, unapanda mlima peke yako bila mama mboga mbele yako. Nenda uangalie hatchback zinazofanya vizuri pale. Zichungulie chini. Utashangaa jinsi nyingi zinavyoonekana za kawaida.

Hii post itasomwa na watu wachache kuliko ile video. Najua, naona namba. Tayari kuna mtu ameipakia tena ile video kwa jina lake, amekata sehemu ya onyo. Nimeiripoti mara tatu. Ukikutana nayo, uniite.

Yule kijana wa Demio alinipigia juzi. Gari bado iko kwa ua wao, imeketi upande mmoja. Amepata springi moja ya nyuma ya kiwandani, anatafuta ya pili ya kushoto, na hana stendi. Nina stendi nne. Jumamosi naenda Juja nazo, na mama yao atakuwepo, na safari hii kabla ya chai nitamwambia ni nani aliyetengeneza ile video.